Jina la Mwamba na Asili Yake: Uainishaji wa Miamba kutoka Nairobi hadi Mandera na Suala la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi miamba inavyoainishwa kwa kufuata asili yake, kisha yanapima majina ambayo Kiswahili kimeyapa makundi matatu makuu ya miamba. Mifano imechotwa kwenye barabara ya Nairobi hadi Garissa na katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo kabla ya mwaka 2013 ziliunda Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi inayotaja asili ya kitu humfaa mwanafunzi na mwananchi kuliko istilahi inayotaja sura yake tu, na kwamba katika nchi kavu tofauti hiyo hugusa maji ya kunywa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku, neno mwamba hubeba dhana ya ugumu na uthabiti. Jiwe ni kipande kinachoweza kuokotwa na kurushwa; mwamba ni kitu kilichoshikamana na ardhi, kisichong'oka. Mpwani hulitumia neno hilo pia kwa jabali lililofichwa na maji ya bahari, ambalo nahodha hulikwepa ili chombo chake kisipasuke. Mtu shupavu naye huitwa mwamba. Katika matumizi yote haya, sifa inayoangaliwa ni moja: ugumu.

Jiolojia hulipa neno hili maana pana zaidi. Kwa mwanajiolojia, mwamba ni mkusanyiko wa madini uliojengeka wenyewe katika ardhi, uwe mgumu kama itale au mlaini kama udongo wa mfinyanzi. Tabaka la mchanga lililofunikwa kwa muda mrefu mita 100 chini ya ardhi ni mwamba pia, hata kama linaweza kumomonyolewa kwa vidole.

Pengo baina ya maana hizi mbili si la kitaaluma tu. Na ichukuliwe mfano wa baraza la wazee katika kijiji kimoja cha Garissa ambako kisima kinatarajiwa kuchimbwa. Ripoti ya upimaji imeandikwa kwa Kiingereza. Mtaalamu anaieleza kwa Kiswahili. Mkalimani anaipeleka kwa Kisomali. Mtaalamu akisema kwamba "chini kuna mwamba," msikilizaji anayelijua neno hilo kwa maana ya kila siku ataelewa kwamba uchimbaji umegonga ukuta na hakuna matumaini. Kumbe mwamba unaotajwa huenda ndio hasa ulioyahifadhi maji. Ndiyo sababu suala la majina ya miamba linawahusu wanafunzi wa Kiswahili sawa na linavyowahusu wanafunzi wa jiografia.

2.0 Msamiati wa Jadi na Vigezo Vyake

Haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya mawe. Lugha hii ilikulia katika pwani ambako watu walijenga kwa mawe ya matumbawe tangu kale, na msamiati wake unashuhudia hivyo. Kuna kokoto, changarawe na mchanga, maneno yanayotofautishwa kwa ukubwa wa chembe. Kuna jabali na genge, yanayotofautishwa kwa umbo. Kuna kinoo cha kunolea kisu na jiwe la kusagia, yanayotofautishwa kwa kazi. Kuna pia majina ya vitu mahususi: tumbawe, chokaa, marumaru, jasi, ulanga na itale.

Vigezo vya uainishaji huu wa jadi ni ukubwa, umbo, ugumu na kazi. Ni vigezo halali. Mwashi anayechanganya zege hana haja ya kujua umri wa kokoto zake. Anachohitaji ni kokoto safi zenye ukubwa unaofaa. Hata hivyo, vigezo hivyo havielezi kitu kilitoka wapi. Kokoto za Mombasa huweza kuwa zimepondwa kutoka jiwe la chokaa lililotokana na viumbe wa baharini. Kokoto za Nairobi hupondwa kutoka zaha iliyoganda. Jina ni moja, kazi ni moja, lakini asili ni mbili zilizo mbali kama moto na maji. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini mahali fulani pana maji na kwingine hapana, au kwa nini mahali fulani pana jasi na kwingine ulanga, atahitaji kigezo kingine, nacho ni asili.

3.0 Uainishaji wa Miamba kwa Asili

Wazo la kuigawa miamba kwa asili yake halikukubaliwa bila mvutano. Mwishoni mwa karne ya 18, Abraham Gottlob Werner (1749–1817), mwalimu wa chuo cha madini cha Freiberg nchini Ujerumani, alifundisha kwamba karibu miamba yote, pamoja na itale na basalti, ilitokana na maji ya bahari kuu iliyoifunika dunia hapo kale. James Hutton (1726–1797) wa Uskoti alipinga. Mwaka 1785 aliona katika bonde la Glen Tilt mishipa ya itale iliyopenya ndani ya miamba mingine. Alihoji kwamba kitu kisingeweza kupenya hivyo kama hakikuwa uji wa moto kabla ya kuganda. Hoja ya Hutton ndiyo iliyosimama kuhusu itale na basalti. Baadaye, mwaka 1833, Charles Lyell alitoa jina kwa kundi la tatu, miamba iliyogeuzwa, kwa kutumia maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubadilika umbo.

Kutokana na safari hiyo ya fikra, miamba hugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni miamba ya moto. Hii hutokana na magma, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Magma ikipoa polepole kina kirefu chini, madini yake hupata nafasi ya kukua na kuonekana kwa macho. Itale ni mfano. Ikitoka juu kama zaha na kupoa haraka, chembe zake huwa ndogo mno. Basalti ni mfano.

Kundi la pili ni miamba mashapo. Hii hutokana na vipande vya miamba mingine vilivyochukuliwa na maji, upepo au barafu, vikatuama na kugandamana. Au na mabaki ya viumbe, kama vile makombe na matumbawe. Au na chumvi zinazobaki maji yanapokauka. Jiwe la mchanga, jiwe la chokaa na jasi zimo katika kundi hili.

Kundi la tatu ni miamba geu. Hii ni miamba ya awali, ya moto au mashapo, iliyobadilishwa na joto kali na mgandamizo mkubwa bila ya kuyeyuka kabisa. Jiwe la chokaa hugeuka marumaru. Itale au mashapo huweza kugeuka naisi.

Makundi haya hayatenganishwi na kuta. Mwamba wa moto humomonyoka ukawa mashapo, mashapo huzikwa yakawa geu, na mwamba geu ukiyeyuka huwa magma tena. Huo ndio mzunguko wa miamba.

4.0 Barabara Inayopita katika Makundi Matatu

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Garissa kupitia Thika na Mwingi huyavuka makundi yote matatu kwa siku moja, tena kwa mpangilio unaofaa kufundishia.

Nairobi na viunga vyake vimekaa juu ya miamba ya moto. Mawe ya kuchonga yanayoitwa Ndarugu, yanayochimbwa upande wa Juja na kujengewa nyumba nyingi za jijini, ni majivu ya volkeno yaliyoshikana yakawa jiwe. Mbele ya Thika, karibu na Matuu, barabara hupita juu ya uwanda wa Yatta. Uwanda huo ni mabaki ya mkondo wa zaha uliotiririka takribani miaka milioni 13 iliyopita kwa urefu wa karibu kilomita 300, ukifuata bonde la mto wa kale. Kingo laini za bonde zikaliwa na mmomonyoko. Zaha ngumu ikabaki, na kilichokuwa bonde kikawa mgongo wa nchi. Mwamba wenyewe huitwa fonolaiti, jina lenye asili ya Kigiriki lililotolewa kwa sababu mabamba yake hulia yakigongwa. Huo ni mfano wa istilahi ya kimataifa isiyotaja asili wala sura, bali sauti.

Kuanzia hapo kuelekea Mwingi, mawe hubadilika. Vilima vya mviringo vilivyo wazi vinaonyesha naisi, mwamba geu wenye mistari myeupe na myeusi. Mistari myeupe ni ya madini kama kwatzi. Myeusi ina madini kama ulanga. Naisi hii ni sehemu ya ukanda mrefu wa miamba geu unaoitwa Ukanda wa Msumbiji, ambao uligeuzwa na migongano ya mabara zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Naisi haina nafasi za kuhifadhia maji isipokuwa katika nyufa zake. Ndiyo maana wakazi wa Kitui na Machakos wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta hukingamishwa katika mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hufichwa ndani ya mchanga juu ya mwamba usiopenyeza.

Baada ya Ukasi, vilima hupungua na nchi hulala tambarare. Mwamba mgumu hauonekani tena. Msafiri huweza kudhani kwamba miamba imekwisha. Kwa kweli ameingia katika miamba mashapo, nayo ndiyo inayotawala sehemu kubwa ya Kaskazini Mashariki.

5.0 Miamba ya Kaskazini Mashariki

5.1 Garissa

Mji wa Garissa uko kwenye ukingo wa Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake hutoka katika Mlima Kenya, ambao ni volkeno iliyozimika, na katika safu ya Nyandarua, kisha hupita katika nchi ya naisi. Kwa hiyo mchanga unaochotwa Garissa kwa ujenzi una vipande vya miamba ya moto na miamba geu, vilivyosafirishwa na kutuamishwa na mto. Mashapo yanazaliwa hadi leo. Mafuriko ya mwaka 1997 na 1998, na yale ya mwaka 2023, yalipovuka kingo za mto yaliacha tope jipya juu ya la zamani. Sehemu ya mashapo hayo haifiki Garissa tena, kwa kuwa hunaswa na mabwawa ya kufua umeme yaliyojengwa juu ya mto, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981.

Mbali na mto, maji hutafutwa chini. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, hutegemea visima virefu vinavyozidi mita 100, ambavyo hufikia hazina ya maji inayoitwa Merti. Hazina hiyo si ziwa la chini ya ardhi, kama wengi wanavyodhani. Ni mchanga na changarawe za kale zilizozikwa, na maji yamekaa baina ya chembe zake. Mnamo mwaka 2011, wakati wa ukame, idadi ya watu kambini ilipozidi 400,000, ni miamba hiyo mashapo iliyowanywesha. Maji matamu ya Merti yako katika ukanda wa katikati; pembeni mwake maji huzidi chumvi. Kwa hiyo kuchimba mahali pasipofaa huweza kumgharimu mtu fedha nyingi akapata maji yasiyonyweka.

5.2 Wajir

Wajir ni nchi ya jiwe la chokaa. Maji yako karibu, na visima vya mji huchimbwa kwa mikono mita chache tu. Hata hivyo, neema hiyo ina upande wa pili. Jiwe la chokaa huyeyuka kidogo kidogo katika maji ya mvua na kuacha nyufa na matundu, hivyo uchafu wa juu hufika kwenye maji upesi bila kuchujwa. Kwa sababu hiyo, vyoo vya shimo vilikuwa hatari, na kwa miaka mingi wakazi wa mji walitumia vyoo vya ndoo. Mtu akiijua asili ya mwamba wa Wajir atatambua kwamba kisima na choo cha shimo haviwezi kuwa majirani.

5.3 Mandera

El Wak, katika kaunti ya Mandera, inajulikana kwa jasi, madini yanayobaki maji yenye chumvi yanapokauka na ambayo hutumika katika utengenezaji wa saruji. Mahali penye jasi palikuwa na maji hapo kale, hata kama leo ni vumbi tupu. Kaskazini zaidi kuna mawe ya chokaa ya kipindi cha Jurasi, yenye visukuku vya viumbe wa baharini. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita bahari ilifunika nchi hiyo. Mawe ya chokaa ya Mandera na mawe ya matumbawe yaliyojengewa Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593 ni ya ukoo mmoja kwa asili: yote yanatokana na bahari, ingawa umri wao hautoshani hata kidogo.

6.0 Kupima Istilahi

Kwa kila kundi la miamba, maandishi ya Kiswahili yana majina zaidi ya moja. Mifano iliyotangulia inatosha kuyapima.

Kundi la kwanza limeitwa miamba ya moto, na pia miamba ya volkeno. Jina la pili ni finyu. Itale haikutoka katika volkeno. Ilipoa chini kabla ya kufika juu. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba kundi zima ni la volkeno atashindwa kuiweka itale mahali pake. Miamba ya moto ni jina pana na sahihi, na volkeno ibaki kuwa jina la tawi lake.

Kundi la pili limeitwa miamba tabaka, na pia miamba mashapo. Tabaka ni sura. Sura hiyo si ya kundi hili peke yake: zaha ikitiririka mara kadhaa hujipanga kwa matabaka, na naisi ya Mwingi ina mistari inayofanana na matabaka. Mwanafunzi aliyepewa jina la tabaka akisimama mbele ya kilima cha Mwingi ataiita naisi mwamba tabaka, na hatakuwa amekosa kwa mujibu wa jina alilofundishwa. Mashapo, kwa upande mwingine, ni neno la nyumbani. Ni kile kinachobaki chini ya chombo kinywaji kikishatulia. Msikilizaji halazimiki kuelezwa zaidi: jina lenyewe linamwambia kwamba kitu kilielea, kikashuka, kikatuama. Katika baraza la Garissa, mtaalamu akisema "chini kuna mashapo ya mto wa kale," tumaini la maji linaeleweka bila maelezo marefu.

Kundi la tatu limeitwa miamba geu, na pia miamba ya metamofiki. La pili limekopwa kwa sauti, nalo halina ubaya kwa mtaalamu. La kwanza lina faida ya kueleweka kutokana na kitenzi geuka, na maana yake inalingana na ile aliyoikusudia Lyell.

Suala jingine ni ukopaji kutoka lugha za jirani. Majina ya mahali ya Kaskazini Mashariki yamejaa elimu ya ardhi. El, katika El Wak, ni kisima kwa Kisomali. Bur ni kilima. Laga, linalojulikana kwa Kisomali na Kiborana, hutajwa kwa mto mkavu unaotiririka wakati wa mvua tu. Kiswahili sanifu hulazimika kutumia maneno matatu au manne kuieleza dhana ya laga, ilhali wasemaji wa Kiswahili wa eneo hilo wanalitumia neno hilo tayari. Lugha iliyokopa jabali kutoka Kiarabu haina sababu ya kulionea haya neno laga.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uainishaji wa miamba kwa asili unaweza kufundishwa kwa Kiswahili na kwa mifano ya hapa nchini. Yamependekeza miamba ya moto, miamba mashapo na miamba geu kuwa istilahi za makundi makuu, kwa kuwa kila moja inasimulia jinsi mwamba ulivyotokea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kando ya Kiingereza. Urasmi huo hautakuwa na uzito ikiwa ripoti ya kisima haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka mbele ya watu watakaokunywa maji yake. Kazi ya kusanifu istilahi haiishii kamusini. Ipo pia pale ambapo mchimbaji anaulizwa achimbe wapi.

Maswali ya Kujadili

1. Taja maneno sita ya Kiswahili yanayohusu mawe na ueleze kigezo kilichotumika kuyatofautisha: ukubwa, umbo, kazi au asili.
2. "Istilahi inayotaja sura hupotosha." Jadili kauli hii kwa kurejelea naisi ya Mwingi.
3. Kwa nini maji hupatikana kwa njia tofauti katika Kitui, Dadaab na Wajir?
4. Kusanya maneno matano ya maumbile ya nchi kutoka lugha ya eneo lako na upime iwapo yanafaa kuingizwa katika Kiswahili sanifu.